Time Tells No Lies ya Praying Mantis (1981): yanayosemwa na ukweli wenyewe

Mada ya hevi metali ya Uingereza ya miaka ya 1979 mpaka 1983 ikifunguliwa popote, majina yanayomiminika ni yaleyale, Iron Maiden, Saxon, Def Leppard, Motörhead, basi. Praying Mantis wakibahatika kutajwa wanatajwa kwa pembeni, "wale waliokuwa wanawafungulia Maiden shoo", afu watu wanaendelea na yao. Inaniuma kiukweli. Hii bendi ya London ilitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1981, inaitwa Time Tells No Lies, nyimbo tisa tu, na kwangu mimi ni kati ya albamu tamu kabisa zilizotoka kwenye wimbi lile, ila imezungukwa na maneno ambayo watu wanarithishana bila kukaa chini wakaisikiliza mwanzo mpaka mwisho. Mengine ni uongo mtupu, mengine yana nusu ya ukweli, na hiyo nusu ndiyo mbaya zaidi maana inafanya uongo uliobaki uonekane una mashiko.

Kwa ambaye hana picha ya wakati huo: kaskazini magharibi mwa London, mtaa wa Kingsbury, kulikuwa na baa inaitwa Prince of Wales, na humo ndani DJ mmoja anaitwa Neal Kay alikuwa na usiku wake wa roki tupu, Bandwagon Heavy Metal Soundhouse. Bendi changa zilikuwa zinampelekea kaseti za demo, yeye anazipiga, mashabiki wakizikubali zinaingia kwenye chati yake, na chati ile ilikuwa inachapishwa kwenye gazeti la muziki la Sounds, kwa hiyo kijana ambaye hata lebo hana anajikuta jina lake liko gazetini. Mwezi Mei 1979 Sounds hiyohiyo, mwandishi akiwa Geoff Barton na mhariri Alan Lewis, ikalipa kundi hili la bendi jina ambalo limebaki mpaka leo, wimbi jipya la hevi metali ya Uingereza. Iron Maiden walipita kwa Neal Kay, na Praying Mantis nao walipita kwa Neal Kay. Twende sasa.

"Hii sio metali bwana, ni laini mno"

Hili ndilo nalisikia kuliko yote na ndilo nataka nilikalie, maana lingine lote linatokea hapa.

Watu wengi wana kipimo kimoja tu cha metali, kelele. Gitaa likikwaruza sana na muimbaji akipiga makelele basi ni metali, akiimba vizuri na kiitikio kikaingia kichwani basi "ni pop yenye magitaa". Sasa hebu weka wimbo wa Lovers to the Grave usikilize. Unaanza taratibu, gitaa safi, sauti ya upole kabisa, unaweza kudhani umefungua wimbo wa mapenzi wa redioni, afu katikati unageuka, dramu zinaamka, magitaa yanapanda, na mpaka unafika mwisho uko sehemu nyingine kabisa na hukuona ni saa ngapi wamekuhamisha. Hiyo ni kazi ngumu. Kupiga haraka kuanzia sekunde ya kwanza ni rahisi kuliko kumpandisha msikilizaji ngazi moja moja bila yeye kushtuka.

Kuna mambo mawili yanayofanya sauti ya albamu hii iwe vile ilivyo. La kwanza magitaa. Sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi tumezoea gitaa la solo linatembea na melodi na gitaa la ridhim linamshikia chini, kila mtu ana kazi yake. Tino Troy na Steve Carroll wanafanya tofauti, sehemu nyingi wote wawili wanapiga melodi ileile kwa wakati mmoja, ila mmoja kaipandisha juu kidogo ya mwenzake, kwa hiyo unasikia mistari miwili inayotembea sambamba kama sauti za kwaya. Mtindo huu Uingereza uliwekewa msingi na Wishbone Ash, albamu yao ya Argus ya mwaka 1972 ndiyo darasa lenyewe, na Thin Lizzy wa kule Dublin wakaupeleka mbali zaidi. La pili ni sauti za watu. Bendi nyingi za wakati ule zilikuwa na muimbaji mmoja wa mbele na wengine wanaitikia pale kwenye kiitikio tu, hawa Mantis walikuwa na waimbaji watatu, Tino, mdogo mtu Chris Troy aliyekuwa anapiga besi, na Carroll, na wote watatu wameshika ala mikononi. Ukisikiliza Running for Tomorrow au Beads of Ebony utasikia sauti zinapandana tatu wakati chini yake besi na dramu zinakimbia. Sasa wewe niambie kuna ulaini gani hapo, mtu apige besi ya mbio na aimbe kwa uwiano na wenzake wawili kwa pamoja.

Halafu ushahidi mwingine ni kwamba bendi iliyouza kupita zote kutoka wimbi lile kule Marekani ni Def Leppard, na waliuza kwa nini? Kwa melodi na sauti za kuitikia zilizopangwa tabaka kwa tabaka. Pyromania ya 1983 iliuza mamilioni kwa kitu kilekile ambacho Mantis wanaambiwa ndio udhaifu wao. Kwa hiyo melodi haikuwa kosa.

Ila pia sitaki mtu aondoke hapa akidhani albamu nzima ni nyororo. Panic in the Streets ina nguvu na haraka ya kutosha, na Children of the Earth inayofunga albamu ni moja ya nyimbo kubwa za wimbi lile lote, narudia, la wimbi lile lote, ina ule uzito wa huzuni, magitaa yanayolia pamoja, kiitikio kinachopaa. Kama mtu ana nafasi ya wimbo mmoja tu kabla hajaamua kama hii ni metali au sio, ni huo.

"Waliiga Iron Maiden"

Hapana. Ndugu hawa wawili wa Troy walianza bendi yao mwanzo mwanzo hadi katikati ya miaka ya 1970, Iron Maiden ikaanzishwa na Steve Harris siku ya Krismasi ya mwaka 1975. Wote ni watoto wa London, wote walikuwa wanasikiliza rekodi zilezile za kina Wishbone Ash na UFO na Thin Lizzy, kwa hiyo ukisikia magitaa mawili yanayotembea pamoja na besi inayokimbia huku na kule usikimbilie kusema nani kamwibia nani, wote wamenywa kisima kimoja.

Kinachochanganya watu ni kwamba bendi hizi mbili zilikuwa karibu sana. Maiden walitoa EP (rekodi fupi ya nyimbo chache) yao ya The Soundhouse Tapes mwaka 1979, Mantis nao wakatoa yao ikaitwa The Soundhouse Tapes Part 2, na mpaka leo kuna watu wanaitafuta wakidhani ni mwendelezo wa Maiden, hapana, Part 2 ni ya Praying Mantis, wote wawili walikuwa wanaipa heshima ile klabu ya Neal Kay iliyowatoa. Mwanzoni mwa 1980 EMI wakatoa mkusanyiko wa Metal for Muthas, humo wamo Maiden na nyimbo mbili, wamo Samson, Angel Witch na wengine, na Mantis wamo na Captured City. Afu mwaka huohuo Maiden walipozunguka Uingereza na albamu yao ya kwanza waliofungua shoo ni Mantis. Wakapiga pia kwenye tamasha la Reading 1980. Yaani hawa walikuwa majirani waliokuwa wanapanda basi moja kuelekea njia moja, na kwa wakati ule ungemuuliza mtu aliyekuwa anahudhuria zile shoo asingekwambia kwa uhakika nani atakuwa nani miaka mitano baadaye.

"Di'Anno, Stratton na Clive Burr walipiga kwenye hii albamu"

Hili linasemwa na watu wanaojua vitu vingi kabisa, ndio maana linaendelea kuishi. Waliorekodi Time Tells No Lies ni wanne: Tino Troy gitaa na sauti, Steve Carroll gitaa na sauti, Chris Troy besi na sauti, Dave Potts dramu. Hakuna mtu wa Iron Maiden humo.

Mkanganyiko unatoka kwenye yaliyotokea baadaye. Clive Burr, mpiga dramu, alipotoka Maiden aliungana na ndugu wa Troy na muimbaji Bernie Shaw, ila walikuja kujiita Stratus na wakatoa albamu ya Throwing Shapes mwaka 1984, na Bernie Shaw akaenda zake kwenye bendi ya Uriah Heep mwaka 1986 akakaa huko miaka na miaka. Dennis Stratton, aliyepiga gitaa kwenye albamu ya kwanza ya Maiden, na Paul Di'Anno aliyeimba mbili za kwanza, hawa waliingia mwaka 1990 kwa ajili ya ziara ya Japani, ikatoka rekodi ya jukwaani inaitwa Live at Last. Di'Anno hakukaa, Stratton alikaa zaidi ya miaka kumi na sauti yake na gitaa lake vikawa sehemu kubwa ya Mantis wa miaka ya 1990. Kwa hiyo uhusiano upo na ni wa kweli, ila sio kwenye albamu hii, na nadhani ni kuwakosea heshima Carroll na Potts kuwafuta kwenye kazi yao kwa sababu tu majina ya waliokuja baadaye ni makubwa.

"Prodyuza wa pop aliiharibu"

Hapa ndipo penye nusu ya ukweli.

Prodyuza alikuwa Tim Friese-Greene. Mashabiki wa metali wakisoma jina hilo wanacheka kwa uchungu, kwa sababu mwanzoni mwa 1982 mtu huyuhuyu alikuwa namba moja Uingereza na kikundi cha Tight Fit na wimbo wa The Lion Sleeps Tonight (wimbo ambao sisi Waafrika tunajua asili yake, ni Mbube wa Solomon Linda, uliorekodiwa Johannesburg mwaka 1939, na historia ya jinsi familia yake ilivyodhulumiwa inahitaji mada yake peke yake). Mwaka huohuo akashiriki kwenye She Blinded Me with Science ya Thomas Dolby. Afu akaingia kwenye bendi ya Talk Talk, akawa anaandika nyimbo na muimbaji wao Mark Hollis, wakatoa It's My Life, The Colour of Spring, na Spirit of Eden ya 1988, albamu ambayo wanamuziki wanaiheshimu mno mpaka leo. Kwa hiyo huyu hakuwa kanjanja, alikuwa mtu mwenye masikio makubwa sana, ila masikio yake yalikuwa kwenye sauti, nafasi na utulivu, hayakuwa kwenye uzito wa gitaa.

Na hivyo ndivyo albamu inavyosikika. Magitaa ni membamba kuliko yanavyotakiwa, dramu hazikupigi kifuani, ukitoka kusikiliza Killers ya Maiden ukaweka hii moja kwa moja utahisi kama kuna mtu kapunguza sauti. Hiyo ni kweli na sitaikataa. Bendi yenyewe mwaka 2011 ilitoa EP ya Metalmorphosis ambayo humo wamerekodi upya nyimbo zao za zamani kwa sauti nzito ya kisasa, kwa hiyo wao pia walikuwa na kiu hiyo.

Ila "aliiharibu"? Hapo nakataa kabisa. Sikiliza zile sauti tatu zinavyotengana na kuungana, kila moja unaisikia ilipo, hakuna iliyozamishwa, na sehemu ambazo magitaa mawili yanaimba pamoja ni safi kiasi kwamba unaweza kufuata mstari wa kila mmoja. Prodyuza wa kawaida wa metali wa 1981 angejaza ukwaruzaji kila mahali na ule uwiano ungefunikwa. Tatizo ni kwamba watu wanaisikiliza kwa sauti ndogo wakitegemea iwapige kofi yenyewe. Pandisha sauti. Tumia spika zenye besi ya kueleweka, utashangaa.

Na kitu kingine ambacho hakisemwi, albamu ya kwanza kabisa ya Iron Maiden ya 1980, iliyosimamiwa na Will Malone, nayo imelalamikiwa kwa utayarishaji wake mbovu, na wa kwanza kulalamika alikuwa Steve Harris mwenyewe. Wao walisamehewa. Kwa nini? Kwa sababu mwaka mmoja baadaye walimpata prodyuza Martin Birch, aliyeshafanya kazi na Deep Purple na Black Sabbath, wakatoa Killers, afu The Number of the Beast, na ile ya kwanza ikabaki kumbukumbu nzuri ya ujana. Def Leppard hivyohivyo, albamu ya kwanza On Through the Night ya 1980 sio ile inayotajwa na watu, ya pili walimpata prodyuza Mutt Lange na mambo yakabadilika. Mantis hawakupata ya pili. Albamu yao ya pili ya studio, Predator in Disguise, ilitoka 1991. Miaka kumi! Bendi nzima inahukumiwa kwa jaribio la kwanza wakati wenzao wanahukumiwa kwa la tatu, na mtu akisema "Maiden waliwaacha mbali" ajiulize kwanza kama anafananisha vitu vinavyofanana.

"Ingekuwa nzuri ingeuza"

Hoja ya wavivu hii. Albamu ilifika nafasi ya 60 kwenye chati ya Uingereza, wimbo wa Cheated unaofungua albamu ulitoka peke yake ukaingia nafasi ya 69. Sio namba za kujivunia lakini pia sio za bendi isiyojulikana, ni namba za bendi inayosukumwa kidogo inaondoka.

Angalia mwaka wenyewe ulivyojaa. Februari 1981 Killers imetoka na Point of Entry ya Judas Priest imetoka. Girlschool na albamu ya Hit and Run wakaingia tano bora. Tygers of Pan Tang na albamu ya Spellbound. Katikati ya mwaka Motörhead wanatoa No Sleep 'til Hammersmith inakwenda moja kwa moja namba moja. Saxon wana Denim and Leather. Kijana wa Birmingham au Sheffield mwenye hela ya rekodi moja kwa mwezi anachagua nini? Na lebo nayo, Arista, hii ni nyumba ambayo msanii wake mkubwa alikuwa Barry Manilow, muimbaji wa pop. Silaumu watu wa Manilow, wana muziki wao, ila EMI walijua jinsi ya kuijenga Maiden kwa mabango, ziara na picha ya Eddie, kile kinyago chao cha kwenye majalada, kila kona, na upande wa pili huku kuna bendi ya magitaa iliyokaa kwenye lebo ambayo metali haikuwa kazi yake ya kila siku. Baada ya albamu hii moja safari yao na Arista iliisha, Carroll na Potts wakaondoka, mwaka 1982 bendi iko na watu wapya kwenye lebo nyingine na singo ya Tell Me the Nightmare's Wrong, afu kimya.

Mauzo yanakuambia nani alisukumwa na nani hakusukumwa. Hayakuambii Children of the Earth ni wimbo gani.

"Jina na lile jalada ni mambo ya kishetani"

Hili ni la huku kwetu zaidi, mtu akiona jalada la roki lenye kiumbe cha ajabu tayari ameshahitimisha, na wengi tumelelewa kwenye nyumba ambazo metali yote ilikuwa inawekwa kapu moja na uchawi.

Praying mantis ni vunjajungu. Mdudu. Yule wa kijani anayekunja mikono mbele kama anaomba dua. Jalada limechorwa na Rodney Matthews, mchoraji wa Kiingereza wa michoro ya kubuni, ulimwengu wa hadithi wenye viumbe vyenye umbo la wadudu na majumba ya ajabu, ndiye huyohuyo aliyechora jalada la Chase the Dragon la Magnum mwaka 1982. Ni mtu wa hadithi za kufikirika, na jalada hili ni zuri kiasi kwamba kuna watu wamenunua rekodi kwa ajili yake tu.

Bendi zilizochagua kucheza na picha za shetani wakati ule zilikuwepo na hazikujificha, Venom wa Newcastle walitoa Welcome to Hell mwaka huohuo 1981, kuna bendi nyingine ya Newcastle ilijiita Satan kabisa, na hata hao wengi wao ilikuwa maonyesho kama filamu ya kutisha. Mantis hawakwenda huko. Nyimbo zao zina majina kama Rich City Kids na Running for Tomorrow. Ukiitafuta dini ya giza humu utachoka bure.

"Captured City imo"

Haimo kwenye toleo la awali. Watu wanaisikia kwenye Metal for Muthas, wanaipenda (wana haki), wanakwenda kutafuta albamu, hawaioni, wanadhani wamepata nakala pungufu. Nyimbo tisa za awali ni Cheated, All Day and All of the Night, Running for Tomorrow, Rich City Kids, Lovers to the Grave, Panic in the Streets, Beads of Ebony, Flirting with Suicide na Children of the Earth. Matoleo ya CD yaliyokuja miaka ya baadaye yana nyimbo za ziada, kwa hiyo angalia nyuma ya jalada kabla hujatoa hela.

Na hapohapo, All Day and All of the Night sio yao, ni ya The Kinks, aliandika Ray Davies, ilifika namba mbili Uingereza mwaka 1964. Wapo wanaosema bendi iliyoweka wimbo wa kuazima nafasi ya pili kwenye albamu yake ya kwanza ilikuwa haina nyimbo za kutosha. Sikubaliani, nyimbo nane nyingine zipo pale zinajieleza, ila pia sitasema ndio wimbo ninaoukimbilia, kwangu ndio dhaifu kuliko wote kwenye albamu, sio mbaya, ni kwamba tu bendi yenye uwezo wa kuandika Beads of Ebony haikuhitaji kuazima kwa mtu. Ukiuruka sitakulaumu.

"Haikuacha athari yoyote"

Mwaka 1990 Lars Ulrich wa Metallica, ambaye ujana wake wote ulikuwa kukusanya rekodi za wimbi hili, alikaa na yuleyule Geoff Barton wakachagua nyimbo za mkusanyiko wa kuadhimisha miaka kumi tangu wimbi lianze. Walikuwa na bendi chungu nzima za kuchagua. Mantis wamo, na Captured City.

Ila athari kubwa zaidi ilikuwa Japani. Wajapani waliipenda hii bendi kwa sababu ileile ambayo Waingereza walikuwa wanaisema vibaya, ile melodi, yale magitaa yanayolia pamoja, zile sauti. Ile ziara ya 1990 ndiyo iliyofufua bendi, na kupitia soko la Japani zikaja Predator in Disguise, A Cry for the New World mwaka 1993, To the Power of Ten mwaka 1995, Forever in Time mwaka 1998 akiimba Gary Barden aliyewahi kuwa kwenye bendi ya mpiga gitaa Michael Schenker. Kuna kipindi kirefu ambacho ukitaka kumsikia Mantis ilikuwa rahisi kumpata Tokyo kuliko mtaani kwake London.

"Si walishakufa hao"

Hawajafa. Tino na Chris Troy bado wapo, gitaa na besi, vilevile. Tangu 2013 muimbaji ni Mholanzi, John Cuijpers, ana sauti kubwa ya kifua na anaziimba zile za 1981 kama zimeandikwa kwa ajili yake. Legacy ilitoka 2015, Gravity 2018, Katharsis 2022, Defiance 2024. Ukianza na Defiance afu ukarudi nyuma mpaka Time Tells No Lies utasikia ndugu wawili walewale, magitaa mawili yaleyale yanapandana, ni vyombo vya kurekodia tu ndivyo vilivyobadilika.